Gari kuukuu linakula oili, giaboksi nayo inapiga likipata moto. Kipi kitangulie?

#1 Mkweche2006
Wakuu salamu. Gari ni sedani ya 2006, petroli, cc 1500, silinda nne, cheni ya taimingi, otomatiki ya gia nne yenye torki konveta, kiungo cha kimiminika kati ya injini na giaboksi (si CVT). Odomita inasoma km 212,000, aaminiye na aamini.

Injini: inakula lita moja ya oili kila km 1,200 hivi. Chini ni pakavu, hakuna tone. Asubuhi inatoa moshi wa bluu kidogo halafu unakata. Plagi ya silinda ya 3 imelowa oili na masizi, nyingine tatu kavu.

Giaboksi: ikiwa baridi haina kosa. Baada ya nusu saa ya mwendo, ukitoa P kuingiza D inapiga kishindo, na kutoka gia ya 2 kwenda ya 3 RPM inaruka kama 500 kabla gia haijashika. Kwenye 70 km/h kuna mtetemo, kama tairi zimekanyaga matuta madogo mfululizo.

Kodi mbili: P0303 (misi, yaani silinda ya 3 haichomi mafuta vizuri) na P0741.

Fundi wa kwanza: toa vyote, funga vya mtumba. Fundi wa pili: ovahoo injini, giaboksi badilisha haidroliki (oili ya giaboksi) tu. Dai langu ni kwamba vitu viwili haviwezi kufa kwa pamoja bila chanzo kimoja. Nipingeni.

#2 SampuKavu
Chanzo kimoja kipo, kinaitwa umri. Ila maelezo yako yana mashimo. Haidroliki ina rangi gani, inanukaje, ilipimwa ikiwa moto au baridi? Kompresheni ni ngapi? Anayetaka kushusha injini na giaboksi bila namba hata moja ya kipimo anauza spea, hatengenezi gari.

#3 Torki_Konveta
P0741 maana yake kompyuta iliamuru klachi iliyo ndani ya konveta (lokapu) ifunge, ikalinganisha mzunguko wa injini na wa shafti inayoingia giaboksi, ikakuta bado kuna utelezi. Haisemi klachi imekwisha. Inaweza kuwa solenoidi ya lokapu, valvu inayoipelekea presha, sili ya shafti, au lainingi yenyewe.

Jaribio halihitaji mashine. Gari likiwa limepata moto kabisa, barabara tambarare na nyuma yako hakuna mtu, shika 65 hadi 80 km/h kwa mguu mwepesi mpaka mtetemo uanze. Usiachie mafuta. Gusa breki kwa mguu wa kushoto, kidogo tu, kiasi cha taa za breki kuwaka bila mwendo kupungua. Swichi ya breki itaifanya kompyuta ifungue lokapu. Mtetemo ukikata palepale na RPM ikapanda 200 hadi 400, kesi iko kwenye lokapu. Usipokata, rudi kwenye injini.

#4 KoiliNaPlagi
Jaribio la #3 ni zuri ila lina mtego. Lokapu ikifunga, injini inaungana moja kwa moja na magurudumu ikiwa kwenye RPM 1,500 hivi na ina mzigo. Hapo ndipo silinda yenye misi hujianika. Ukifungua lokapu, konveta inaumeza mtikisiko na wewe unadhani umempata mwizi. Kwa hiyo mtetemo kukata hakuitoi injini kizimbani, hasa mtu akiwa na P0303 mkononi.

Anza hivi: koili ya 3 ipeleke silinda ya 1, plagi ya 3 isafishe uipeleke ya 4. Futa kodi, endesha. Ikija P0301 ni koili. Ikija P0304 ni plagi. Ikibaki P0303, basi ni injekta, kompresheni au hiyo oili inayoizamisha plagi. Na kuna programu ambazo zikiona misi huzuia lokapu isifunge kabisa, kwa hiyo misi hutibiwa kwanza, giaboksi baadaye.

#5 BibiGasketi
Moshi wa asubuhi unaokata ni tabia ya sili za valvu. Gari likilala, oili iliyobaki juu ya hedi inashuka taratibu kupitia gaidi za valvu na kukaa kwenye silinda. Ukiwasha inaungua yote mara moja, kisha kwisha. Uthibitisho wa pili: shuka mteremko mrefu bila kukanyaga mafuta, halafu ukifika chini kanyaga. Wingu la bluu likitoka hapo, ni sili. Ringi zenyewe hutoa moshi ukiwa unakanyaga, mzigo ukiwa mkubwa.

Lakini usikisie, pima. Injini iwe ya moto. Toa fyuzi ya pampu ya mafuta, chomoa soketi za koili, toa plagi ZOTE nne, siyo moja moja. Mtu akanyage mafuta mpaka chini ili throto ifunguke yote. Piga stata mpaka mshale wa geji uache kupanda, mapigo matano hadi saba yanatosha. Injini nzima ya aina hii husoma kati ya 150 na 200 psi, na ya chini kabisa isiachane na ya juu kwa zaidi ya asilimia 15 hivi. Iliyo chini itie oili kama mililita 5 hadi 10 kwenye tundu la plagi, pima tena. Ikiruka sana ni ringi. Isipobadilika ni valvu au gasketi ya hedi.

#6 SampuKavu
Bibi, yote sawa ila umeacha jambo kubwa. Pistoni ina ringi tatu. Mbili za juu ndizo zinazoshika kompresheni. Ya tatu, ya oili, haishiki kompresheni hata kidogo, kazi yake ni kukwangua. Ikiganda kwenye kijitaro chake kwa kaboni, na matundu ya kurudishia oili nyuma yake yakiziba, injini itakunywa oili kama kawaida na geji itakusomea 175 psi bila aibu. Watu wengi wamebadilisha sili zote 16 kwa sababu "kompresheni ni nzima", na injini ikaendelea kunywa.

#7 Pampu_ya_Maji
Naomba nipite na PCV, valvu inayorudisha mvuke wa injini kwenye manifodi. Valvu ikikwama wazi, injini inafyonza mvuke wa oili kutoka kwenye kava na kuuchoma. Ichomoe, itikise. Ile ya aina ya kipira cha chuma lazima ilie "kacha kacha". Isipolia, badilisha. Hakuna spea rahisi zaidi ya hiyo kwenye mfumo mzima.

#8 KoiliNaPlagi
#7, ya kujaribu ndiyo, lakini PCV inamwaga kwenye manifodi ya pamoja, ingelowesha plagi zaidi ya moja. Huyu ana silinda moja tu iliyolowa.

#9 MzeeDipstiki
Nyie mnacheza na injini. Mimi nauliza haidroliki ilipimwaje, maana nusu ya giaboksi "zilizokufa" zina tatizo la kipimo.

Gari lenye dipstiki ya giaboksi hupimwa hivi: endesha mpaka haidroliki ifike nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi, simamisha sehemu tambarare, injini ikiwa INAWAKA. Kanyaga breki, pitisha gia zote taratibu P mpaka L na kurudi P, ukikaa sekunde mbili kila moja. Ndipo chomoa, futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, rudisha, chomoa tena. Soma upande wa alama ya moto, siyo ya baridi. Ukipima injini ikiwa imezimwa, haidroliki ya kwenye konveta inarudi chini na utasoma uongo.

Pungufu: pampu inafyonza hewa, presha inashuka, klachi zinateleza. Zaidi: gia zinazozunguka zinaipiga haidroliki mpaka inatoa povu, na povu halishiki presha. Dalili za pungufu na zaidi zinafanana, na zote mbili huzidi gari likipata moto.

#10 Mtalii
Uza hilo gari kwa mtu usiyempenda.

#11 MzeeDipstiki
#10 wewe ndiye uliyeuziwa, ndiyo maana una uchungu.

#12 RejetaMbovu
Mleta uzi alisema chanzo kimoja, na mimi nakubaliana naye. Chanzo ni JOTO. Kwenye otomatiki nyingi haidroliki hupozwa na kipoza kilicho ndani ya tenki la rejeta, kwa hiyo injini na giaboksi zinanywa kisima kimoja. Rejeta ikiziba nusu, au feni ikachelewa, au termostati isifunguke yote, injini inafanya kazi na joto la juu miaka na miaka bila kuchemsha waziwazi. Oili inaganda nyuma ya ringi, sili za valvu zinakuwa ngumu kama plastiki, haidroliki inaungua, sili za mpira ndani ya giaboksi zinakauka. Giaboksi nzima ikiwa baridi na mbovu ikiwa moto, hiyo ni sahihi ya sili zilizokauka.

Na msidanganywe na geji ya dashibodi. Magari mengi yameigandisha katikati kwa makusudi, mshale hautikisiki kati ya nyuzi 75 na 105 hivi. Chomeka kisoma kodi cha OBD usome namba yenyewe.

Kuna baya zaidi: kipoza kikitoboka ndani ya rejeta, kulanti inaingia kwenye haidroliki. Rangi inakuwa ya pinki yenye maziwa. Glaikoli na maji vinalainisha gundi inayoshika lainingi za klachi, na zinabanduka. Hapo kubadilisha haidroliki hakuiokoi. Kiasi kidogo kisichoonekana kwa macho, dondoshea tone moja kwenye bati la moto. Likichacharika lina maji.

#13 SampuKavu
#12 nadharia nzuri, lakini joto lingeharibu silinda zote, siyo ya 3 peke yake.

#14 RejetaMbovu
Silinda za katikati hupata joto zaidi kwenye injini nyingi za nne mstari mmoja. 2 na 3 zimezungukwa na ndugu zao pande zote.

#15 SampuKavu
Basi na ya 2 ingelowa.

#16 Mkweche2006
Nimerudi na namba, asanteni.

Kompresheni, moto, throto wazi: 172, 170, 158, 171 psi. Silinda ya 3 baada ya kutia oili: 163.
Koili na plagi zimehamishwa kama #4 alivyosema. Kodi imerudi P0303 ileile.
Jaribio la breki: mtetemo unakata palepale, RPM inapanda kama 250.
PCV inalia.
Haidroliki: kahawia iliyokolea, inanuka kuungua kidogo, haina maziwa. Kipimo cha moto kimepita alama ya juu kwa karibu sentimita moja na nusu.
Kulanti kwenye OBD: 91 hadi 97 mjini, feni inaingia kwenye 96.

#17 MzeeDipstiki
Sentimita moja na nusu juu ya alama! Nilisema nini? Kuna mtu alimwaga na kujaza kwa kukadiria, au aliijaza ikiwa baridi mpaka alama ya moto. Kabla ya kufungua hata bolti moja, ingiza mpira mwembamba kwenye bomba la dipstiki, fyonza kwa sirinji kubwa nusu lita kwanza, pima tena, endelea mpaka ishuke katikati ya alama za moto. Halafu endesha uone kama RPM bado inaruka.

#18 BibiGasketi
158 dhidi ya 172 ni tofauti ya asilimia 8. Hiyo ni silinda nzima kwa kila kipimo. Na kupanda psi 5 tu baada ya oili hakusemi kitu, oili yenyewe inapunguza nafasi iliyobaki juu ya pistoni. Kwa hiyo misi inatoka kwa plagi kuzama oili. Sili za valvu za silinda ya 3. Nashikilia hapo.

#19 SampuKavu
Au ringi ya oili ya silinda ya 3, sawasawa na #6. Namba hizi haziwezi kutenganisha hizo mbili. Kinachotenganisha ni kamera ndogo kwenye tundu la plagi. Pistoni ishushwe chini, tazama valvu ya kuingiza. Ikiwa mgongo na shina lake vimevimba kwa makaa meusi yenye mafuta, oili inashuka kutoka juu. Ikiwa valvu ni safi lakini ukingo wa pistoni umeoshwa ukabaki chuma kinachong'aa pande zote, oili inapanda kutoka chini.

Pima na uvujaji pia. Silinda ya 3 iwe juu kabisa ikiwa imebana, tia hewa psi 100. Uvujaji chini ya asilimia 10 ni mzuri, ukipita 20 kuna kazi. Sikiliza hewa inatokea wapi: mfuniko wa oili ni ringi, bomba la moshi ni valvu ya kutolea, kisafisha hewa ni valvu ya kuingiza, mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya hedi. Haitakuonyesha ringi ya oili, lakini itafunga milango mingine yote.

#20 Cheni_Inalia
Kabla ya kufungua hedi, dawa ya kulowesha pistoni je? Watu wanaisifu sana mitandaoni.

#21 SampuKavu
Inafaa pale ringi ZIMEGANDA, haifai zilizolika. Utaratibu: injini ya uvuguvugu, toa plagi, zungusha krenki kwa spana mpaka pistoni zote nne ziwe katikati ya mwendo, usawa mmoja. Mimina dawa mililita 30 hadi 50 kila silinda, acha usiku kucha, ongeza iliyoshuka. Kisha fyonza yote iliyobaki kwa sirinji.

Hapa ndipo watu wanapoua injini: wanarudisha plagi na kuwasha huku silinda ina kimiminika. Kimiminika hakibanwi. Konrodi inapinda papo hapo. Piga stata kwanza plagi zikiwa nje, kitambaa juu ya matundu, koili na injekta zimechomolewa. Baada ya hapo ndipo ufunge. Badilisha oili na filta mara moja, maana dawa imeshuka kwenye sampu (karai la oili). Kisha badilisha tena mapema, baada ya km 1,000 hivi.

#22 KoiliNaPlagi
Mtaona pia watu wanashauri kupanda uzito wa oili, kutoka 5W-30 kwenda 10W-40. Inapunguza kunywa kidogo. Lakini injini yenye VVT (mfumo wa kubadilisha muda wa valvu) hutumia presha ya oili kusogeza kamshafti, na oili nzito ikiwa baridi inachelewesha. Ukianza kuona P0011 (kamshafti iko nje ya muda wake), jua ulichokifanya. Muhimu zaidi ni kutoiacha ishuke: tenshena ya cheni inasukumwa na oili hiyohiyo. Ikipungua, cheni inalia kwa sekunde mbili tatu kila ukiwasha, na huo ndio mwanzo wa kulika. Oili inayoungua pia inachafua katalisti. P0420, kodi ya katalisti iliyochoka, iko njiani, tena hiyo ni bei ya kukutoa machozi.

Na kuhusu kishindo cha P kwenda D: tazama RPM ya sailensa (injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta). Ikiwa juu ya 900 kwa sababu ya throto chafu au hewa inayovuja kwenye manifodi, gia lazima ipige. Tazama maunti (mipira inayoshikilia injini) pia. Boneti wazi, breki ya mkono na ya mguu, mtu abadilishe R na D. Injini ikinyanyuka sentimita mbili au tatu, maunti imekatika, na mnailaumu giaboksi bure.

#23 Torki_Konveta
Hebu turudi. RPM kuruka 2 kwenda 3 siyo maunti, siyo sailensa. Povu la #17 linaweza kuwa sehemu ya maelezo lakini haliniridhishi, kwa sababu haidroliki inanuka kuungua. Kuna kitu kimeteleza muda mrefu. Shusha sampu ya giaboksi. Sumaku zilizomo zitasema:

Matope laini ya kijivu, safu nyembamba: kawaida kwa umri huo.
Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika: beringi au gia, acha kupoteza hela ya haidroliki.
Chembe za rangi ya shaba: bushi.
Magamba meusi yasiyoshikwa na sumaku: lainingi za klachi.

Ukiwa chini hapo pima solenoidi kwa mita. Nyingi za kuwasha na kuzima husoma oumu 11 hadi 15, zile za kurekebisha presha husoma kama 5. Pima zikiwa baridi, kisha zipashe kwa mashine ya kukaushia nywele upime tena. Koili iliyochoka hukatika ikipata moto tu, jambo linaloendana na dalili za mleta uzi. Halafu vali bodi (bloku ya valvu inayogawa presha): tundu la valvu ya lokapu kwenye alumini hulika, presha inavuja pembeni, lokapu inashika nusu nusu. Huo ndio mtetemo wake.

#24 RejetaMbovu
Sili zilizokauka zinaeleza vyote hivyo bila solenoidi kuwa mbovu. Ikiwa baridi haidroliki ni nzito na inaziba penyo. Ikipata moto inakuwa nyepesi na kupenya.

#25 Torki_Konveta
Zinaeleza, sikatai. Ndiyo maana kuna kipimo cha presha. Plagi ya kupimia iko ubavuni mwa giaboksi, funga geji ya angalau psi 300, soma sailensa kwenye D na R kisha kwa RPM ya juu, baridi na moto, linganisha na kitabu cha gari. Ikishuka sana ikiwa moto, tafuta pampu na sili. Isiposhuka, sili kuu ni nzima na tunabaki na klachi ya gia ya 3 au akyumuleta yake (kifaa kinacholainisha gia kushika).

Na kuna jaribio la kukaba: moto, breki zote, D, kanyaga mpaka mwisho, SIYO zaidi ya sekunde tano, kisha N dakika mbili ipoe. Nyingi husimama kati ya 2,000 na 2,500. Ikipita sana, klachi zinateleza. Ikiwa chini sana, injini haina nguvu au klachi ya njia moja ndani ya konveta imekufa. Kwa giaboksi inayonuka kuungua mimi nisingelifanya, naliweka kwa ajili ya wasomaji wengine.

#26 Mtalii
Mimi nasikia ukibadilisha haidroliki ya giaboksi kuukuu unaimaliza. Kweli si kweli?

#27 MzeeDipstiki
Si kweli. Giaboksi iliyokufa baada ya kubadilishwa haidroliki ilikuwa imeshakufa, watu walibadilisha kwa sababu ilianza kuteleza. Haidroliki haikuua, ilihudhuria mazishi.

#28 Torki_Konveta
#27 nusu kweli. Lainingi iliyolika huacha unga wake kwenye haidroliki, na wengi husema unga huo unaongeza msuguano kidogo. Ukiutoa wote kwa mashine ya presha siku moja, klachi iliyokuwa inashika kwa shida inaachia. Presha hiyo pia inaweza kung'oa uchafu uliotulia na kuupeleka kwenye vali bodi. Ndiyo maana kwa gari la umri huu ni kumwaga na kujaza tu, kidogo kidogo, bila mashine.

#29 MzeeDipstiki
Hapo sawa. Mwaga, jaza, mara tatu, umemaliza yote.

#30 Namba_Nane
Siyo yote. Chukua giaboksi yenye lita 8, ukifungua bolti zinatoka kama 3, nyingine imebaki kwenye konveta. Mara ya kwanza ya zamani inabaki asilimia 62.5. Mara ya pili 39. Mara ya tatu 24. Kwa hiyo baada ya lita 9 una robo ya ile ya zamani bado. Inatosha, ila siyo yote. Acha km 500 hadi 1,000 kati ya kila moja. Na pima ulichomwaga kwa chombo chenye alama, rudisha kiasi hichohicho, ndiyo njia ya kutopata sentimita moja na nusu ya mleta uzi.

#31 Kipande
Gari la CVT linafuata hesabu hiyohiyo?

#32 Torki_Konveta
Hesabu ndiyo, haidroliki HAPANA. CVT hushika kwa mkanda au cheni ya chuma iliyobanwa kati ya puli mbili za chuma, na msuguano huo unategemea haidroliki yake maalumu. Ukitia ya otomatiki ya kawaida mkanda unateleza, puli zinachanika, hakuna vali bodi itakayokuokoa. Tia aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Na CVT usiifanyie jaribio la kukaba. Fungua uzi wako, huu umejaa.

#33 Cheni_Inalia
Tuseme mambo yamekuwa mabaya, mtu anafunga vya mtumba. Anaangalia nini?

#34 BibiGasketi
Injini: fungua mfuniko wa oili na uchungulie hedi. Rangi ya asali ni sawa, matope meusi ondoka. Tazama matundu ya maji, kutu nyingi maana yake ilitumia maji matupu. Pima kompresheni ikiwa chini, stata na betri vinatosha, ingawa itasoma chini kidogo kwa sababu ni baridi. Unachotafuta ni usawa wa silinda. Kabla ya kuifunga badilisha sili ya nyuma ya krenki, pampu ya maji, termostati na plagi. Ukifanya baadaye ni kushusha tena.

Mkiona bora ovahoo, msikubali ile ya "ringi tu". Silinda iliyong'aa kama kioo lazima ipigwe honi upya (ikwaruzwe kwa jiwe la kusagia), mistari ikikatana kwa nyuzi 45 hadi 60, la sivyo ringi mpya hazikai na gari litaendelea kunywa. Pima silinda juu, kati na chini, pande mbili. Pengo la ringi ya juu kwa silinda ya milimita 75 ni karibu 0.25 hadi 0.35 mm, hupimwa ringi ikiwa ndani ya silinda yenyewe. Hedi ya alumini iwekewe rula ya chuma. Nyingi haziruhusiwi kupinda zaidi ya 0.05 mm. Bolti za hedi zinazokazwa kwa nyuzi, nyingi ni za kutumika mara moja.

#35 Torki_Konveta
Giaboksi: namba ya kodi kwenye kibati ilingane herufi kwa herufi, kwa sababu mbili zinazofanana kwa nje huweza kuwa na uwiano tofauti wa gia ya mwisho, na kompyuta inaweza kutoa kodi ya uwiano wa gia. Safisha bomba za kipoza kabla ya kuunganisha, uchafu wa giaboksi ya zamani umo humo.

Halafu konveta. Ukiirudisha kwenye giaboksi iizungushe huku ukiisukuma. Inaingia kwa hatua tatu: shafti, kiti cha stata (ya ndani ya konveta, si ya kuwashia), pampu. Ukihisi hatua mbili tu haijaingia. Kabati la giaboksi lazima ligusane na injini kwa mkono, na konveta ibaki inazunguka huru na pengo la milimita chache. Ukivuta kwa bolti ili vikutane, unavunja pampu ya giaboksi ambayo haijatembea hata mita moja.

#36 Namba_Nane
Kuna hesabu nyingine. Kazi nzito kwenye yote mawili ni kushusha. Sili za valvu zinabadilika hedi ikiwa juu ya gari: hewa psi 90 hadi 100 kwenye silinda kushikilia valvu, cheni imefungwa kwenye gia zake kwa waya isiruke, kamshafti nje, sili zinachomolewa. Kwa hiyo #18 akiwa sahihi injini haishuki kabisa, giaboksi ifunguliwe sampu tu. #19 akiwa sahihi na dawa ikashindwa, injini inashuka, na hapo hapo konveta iko wazi mbele yako. Bila majibu ya kamera huwezi kupanga foleni.

#37 KoiliNaPlagi
Nakazia kamera. Ila mimi bado nasema usafishe plagi, uweke nyingine nzima silinda ya 3, uone kama mtetemo unarudi siku ya kwanza ikiwa bado kavu. Ukirudi plagi ikiwa kavu na hakuna P0303, nakubali ni lokapu.

#38 RejetaMbovu
Na usome joto la haidroliki kwenye OBD kama gari linatoa namba hiyo. 80 hadi 95 ni kawaida. Ikipita 110 kwenye foleni, mkitengeneza yote mliyoyasema, kitakufa tena. Kipoza cha nje kiongezwe.

#39 Mkweche2006
Asanteni sana. Mpangilio: haidroliki ipunguzwe leo, plagi mpya silinda ya 3, kamera, kisha sampu ya giaboksi ishushwe. Namba nitaziweka hapahapa.

#40 Torki_Konveta
Usiifute sumaku kabla ya kuipiga picha. Panga bolti za sampu kama zilivyotoka, kwenye baadhi ya giaboksi urefu wake haulingani. Unaporudisha, kaza kwa msalaba na kwa nguvu ndogo, nyingi ziko kati ya 5 na 10 Nm. Ukikaza kwa hasira bati linapinda na utakuja kufungua uzi mwingine wa kuvuja.

#41 Mtalii
Na yule usiyempenda bado anasubiri.